Sange Si Panya

Katika vichaka na misitu ya pwani yetu, kuanzia mto Rovuma, ushuke Palma na Mocímboa da Praia mpaka Quissanga, anaishi mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Miguu yake ya nyuma ni mirefu, mkia kama wa panya, macho makubwa kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Kiswahili kina jina lake, sange, na wengine husema isanje. Ana ndugu yake mkubwa, njule, anayefika karibu nusu kilo, na njule wa kwetu ana madoa mgongoni yaliyojipanga kwa mistari kama ukili uliosukwa. Ukimshtua sange, hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, tap tap tap, halafu hayupo tena.

Najua msomaji wa jarida hili atauliza: watu wamepoteza nyumba, mashua na watoto, wewe unatuletea habari za panya? Jibu la kwanza ni kwamba huyu si panya, na wataalamu wa Ulaya na Marekani ilibidi wahangaike zaidi ya miaka 150 kujua ni nani hasa. Jibu la pili litakuja tukifika kwenye habari za kuandikisha watu. Tuvumiliane kidogo.

Tuanze na Mjerumani mmoja. Wilhelm Peters alizaliwa mwaka 1815, akasomea udaktari Berlin. Mwaka 1842 aliondoka kwao kuja Msumbiji, safari ikilipiwa na mfalme wa Prussia, na msomi mkubwa wa zama zile, Alexander von Humboldt, akiwa amemuunga mkono. Alizunguka upande huu wa Afrika kwa miaka kadhaa: Tete juu ya Zambezi, Quelimane, Inhambane, Kisiwa cha Msumbiji, na huku kwetu alifika Ibo na Querimba. Alirudi Berlin mwaka 1848 akiwa na shehena ya viumbe: samaki, popo, nyoka, vyura, kaa, wadudu, majani. Kuipanga shehena hiyo kulimchukua maisha yake yote. Kitabu chake cha wanyama wanaonyonyesha kilitoka 1852, na cha nyoka, mijusi na vyura kilitoka 1882, mwaka mmoja kabla hajafa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mnyama anauawa, anachunwa, ngozi inakaushwa na kujazwa. Fuvu linasafishwa mpaka linakuwa jeupe. Wengine wanatumbukizwa wazima kwenye chupa ya pombe kali. Kila mmoja anafungwa kikaratasi: amepatikana wapi, lini, dume au jike. Halafu safari ya meli miezi na miezi, na mwisho kabati la Berlin. Pale ndipo mnyama anapopewa jina, mbele ya mtu mwenye rula na kioo cha kukuzia. Hakuna tena msitu, hakuna tap tap tap.

Mimi Peters simchukii. Alikuwa mwangalifu, na kazi yake bado inatumika mpaka leo. Lakini nataka tukumbuke Ibo ya miaka ile ilikuwaje. Ureno ilikuwa imeshapiga marufuku kusafirisha watumwa kwa amri ya mwaka 1836, lakini amri ni karatasi, na Ibo biashara iliendelea kwa siri na wakati mwingine hata bila siri. Kwa hiyo kutoka pwani ile ile, katika miaka ile ile, mjusi aliondoka na kikaratasi kinachosema ametoka wapi, na mtu aliondoka bila hata hicho. Sisemi hivi kumlaumu mwenye mijusi. Nasema kwa sababu nikiangalia ramani za safari yake huwa nashindwa kutoliona hilo.

Na kuna kitu kingine alichochukua, kisichokaa kwenye chupa. Alichukua maneno. Peters aliandika orodha za maneno ya lugha za watu aliokutana nao. Orodha hizo alipewa Wilhelm Bleek, Mjerumani mwenzake aliyekuwa bingwa wa lugha za Kiafrika, akazipanga na kuzichapisha London mwaka 1856. Kitabu kinahusu lugha za Msumbiji, na kati ya safu zake, pamoja na Tete, Sena, Quelimane na nyingine, iko safu ya Cabo Delgado. Yaani maneno ya kwetu, yaliyosemwa na mtu wa kwetu ambaye jina lake halikuwekwa, yapo kwenye kitabu kilichochapishwa miaka zaidi ya 160 kabla ya sisi kukimbia.

Sasa turudi kwa sange. Mwaka 1846 Peters alimtangaza kwa wasomi kwa jina Petrodromus tetradactylus, na mwaka uliofuata, 1847, akamtangaza njule kwa jina Rhynchocyon cirnei. Sange wake alitoka Tete, njule alitoka upande wa Quelimane. Majina ya kisayansi huwa mawili mawili. La kwanza ni kama la ukoo, linaitwa jenasi, la pili ni la spishi, yaani aina yenyewe. Utaratibu huu ulianzishwa na Msweden Linnaeus, na kwa wanyama hesabu inaanza na kitabu chake cha mwaka 1758. Jina lolote la kabla ya hapo halihesabiki. La baada ya hapo, aliyetangulia kulichapisha kwa kufuata utaratibu ndiye mwenye haki.

Ukiyafungua majina hayo, utacheka kidogo. Rhynchocyon ni Kigiriki, maana yake mbwa mwenye pua ndefu. Petrodromus ni mkimbiaji wa mawe, na tetradactylus ni mwenye vidole vinne, kwa sababu mguu wa nyuma una vidole vinne. Vidole sawa, vihesabu mwenyewe. Lakini mawe? Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua sange ni wa vichakani, kwenye kivuli na majani makavu. Anafagia vijia vyake mwenyewe chini ya miti, vyembamba, visafi, ili akifukuzwa asikwame. Ungekuwa umemuuliza mtegaji, angekwambia mkimbiaji wa majani. Hata hivyo jina halibadiliki. Sheria ya majina ya wanyama haijali kama jina linamfaa mnyama, inajali nani alitangulia. Kwa hiyo sange ataendelea kuwa mkimbiaji wa mawe mpaka mwisho wa dunia.

Na hilo la cirnei? Cirne ni jina la ukoo la Kireno. Mwaka 1880 Barbosa du Bocage, aliyekuwa mkuu wa makumbusho Lisbon, alimtangaza njule mwingine, mwenye mgongo mweusi, anayeishi pwani ya Tanzania, Unguja na Kenya, akamwita Rhynchocyon petersi. Mjerumani alimpa njule jina la Kireno, Mreno akampa njule jina la Mjerumani. Wakalipana. Aliyetega tanzi hakuwepo kwenye hesabu hiyo.

Mwaka uliofuata, 1881, Albert Günther wa makumbusho ya London alitangaza wawili zaidi: mmoja wa pwani ya Kenya mwenye matako ya rangi ya dhahabu, na mmoja kutoka mto Rovuma, akamwita macrurus, mwenye mkia mrefu. Huyu wa Rovuma baadaye alishushwa cheo, akawa tawi tu la cirnei. Vitabu vikazoea kuandika hivi: kusini ya mto ni cirnei mwenyewe, kaskazini ni macrurus. Mto wetu ukawa mpaka hata kwa njule. Suala la njule wa Msumbiji ni wa tawi gani halikuisha hapo, Peter Coals na Galen Rathbun walilichapishia makala nzima mwaka 2013. Tofauti ni kwamba njule akibishaniwa hahamishwi. Watu wetu walipovuka Rovuma kwenda Tanzania baada ya Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, maelfu walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano.

Majina yalipatikana mapema, lakini kupanga ndiko kulikoshinda. Kupanga ni kusema huyu ni jamaa ya nani. Mwaka 1829 Andrew Smith, daktari Mskoti aliyekuwa Afrika Kusini, alishaipa jenasi ya kwanza ya wanyama hawa jina Macroscelides, maana yake wenye miguu mirefu. Wazungu wakaangalia pua, wakaangalia kwamba wanakula wadudu, wakasema basi hawa ni virukanjia wenye mkonga. Kwa Kireno na Kiingereza wanaitwa hivyo mpaka leo. Wakatiwa kwenye kundi lililoitwa la wala wadudu, pamoja na virukanjia wenyewe, fuko na kalunguyeye. Kundi hilo lilikuwa kama lile kapu la nyumbani linalotiwa kila kisichokuwa na mahali pake: kamba, msumari, ufunguo usiojulikana wa mlango gani.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu Kiswahili hakikufanya hivyo. Kirukanjia ni kirukanjia, yule mdogo anayenuka, anayepita ukutani usiku. Sange ni sange. Njule ni njule. Maneno matatu, wanyama watatu. Sitaki kudanganya kwamba wazee wetu walikuwa na maabara, na wala si kila mtu alikuwa makini hivyo. Mama yangu mkubwa, kwa mfano, kila chenye mkia mwembamba kwake kilikuwa panya, na panya kwetu hapikwi, ni haramu, mazungumzo yamekwisha. Lakini jirani zetu Wamakonde walikuwa wakimtega njule na kumla, na walikuwa wanajua wazi kabisa tofauti yake na panya wa shambani. Kwa hiyo nyumbani kwetu swali la huyu ni nani lilikuwa pia swali la chungu. Kupanga wanyama si kazi ya wasomi peke yao. Ila mpangilio wa mama mkubwa ulibaki jikoni kwake, wa Berlin ukachapishwa.

Wasomi wenyewe hawakutulia. Mwaka 1866 Ernst Haeckel aliligawa kapu lile mara mbili, akiangalia utumbo: wenye kifuko cha mwanzo wa utumbo mpana huku, wasio nacho kule, na sange akatengwa na virukanjia. Mwaka 1956 Percy Butler alimpa oda yake peke yake, Macroscelidea. Maana yake: sawa, hawa hawafanani na mtu, wakae peke yao. Lakini peke yao karibu na nani? Miaka ya 1970 wengine waliangalia meno na mifupa ya miguu wakasema ni jamaa ya sungura na panya. Yaani mama mkubwa karibu apate ushahidi.

Kosa la namna hii halikuwa la sange tu. Nitatoa mfano mmoja wa mbali, kwa sababu aliyehusika ni mtu wa hali kama yetu. Kule Amerika Kusini, milima ya Andes, kuna mnyama anaitwa chinchila, ana manyoya laini mno, mpaka karibu amalizwe kwa ajili ya makoti ya matajiri. Jina lake la kisayansi lilianzia kwa padri wa Kijesuiti, Juan Ignacio Molina, mzaliwa wa Chile wa mwaka 1740. Mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti wote katika nchi zake mwaka 1767, Molina akaishia Bologna, Italia. Kule uhamishoni akaandika kitabu cha viumbe vya nchi yake, kikatoka 1782. Chinchila alimwita Mus laniger, panya mwenye sufu. Hakuwa na mnyama mezani wa kumpima. Alikuwa na kumbukumbu. Maelezo yake yakawa na mapengo, na wataalamu wa baadaye wakabishana kama kweli alikuwa anamsema chinchila au mnyama mwingine. Ubishi huo ulifikishwa mpaka kwenye tume ya kimataifa ya majina ya wanyama mwanzoni mwa miaka ya 2000. Neno lake bado lipo kwenye jina la chinchila wa Chile, lakini panya limeondolewa. Leo anahesabiwa kuwa jamaa wa mbali wa nungunungu na ndezi wetu. Jina la chinchila wa pili lilitolewa na Lichtenstein, mkuu wa makumbusho ya Berlin, yale yale yaliyopokea mizigo ya Peters. Dunia ya makabati ni ndogo.

Nampenda huyu Molina. Sijali kwamba alikosea ukoo. Mtu amefukuzwa kwao, yuko ugenini, anakaa chini anaandika: kwetu kuna mnyama fulani, ana sufu laini hivi. Nani kati yetu hajafanya hivyo usiku?

Sange aliokolewa na damu. Miaka ya 1990 wataalamu walianza kulinganisha wanyama kwa kusoma vinasaba, ile alama ya urithi iliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, badala ya kuangalia pua na meno peke yake. Mwaka 1997 na 1998 yakatoka matokeo ambayo wengi walikataa kuyaamini mwanzoni. Sange si jamaa ya kirukanjia. Si jamaa ya sungura. Si jamaa ya panya. Jamaa zake ni tembo, nguva, pimbi, mhanga, na fuko wa dhahabu wa kusini mwa Afrika pamoja na tenreki wa Madagaska. Wote hawa wana asili moja ya zamani sana, wakati Afrika ilipokuwa kisiwa kikubwa kilichojitenga na mabara mengine, na kundi lao likapewa jina Afrotheria, wanyama wa Afrika.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilirudia ukurasa mara tatu. Fikiria pwani yetu. Nguva yuko baharini, huko visiwani, na wavuvi wazee wanamjua. Tembo wako ndani ya hifadhi ya Quirimbas. Sange yuko kichakani nyuma ya nyumba. Mmoja anakula nyasi za baharini, mmoja anaangusha miti, mmoja anakula mchwa na siafu. Ukiwaweka pamoja hakuna anayefanana na mwenzake, na ni ndugu. Kirukanjia anayefanana na sange kama pacha, si ndugu yake. Pua ndefu kila mmoja aliipata kivyake, kwa kutafuta chakula kwa namna moja.

Jina nalo likaanza kurudi. Jonathan Kingdon, mtaalamu na mchoraji aliyezaliwa Tabora, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1997 kwamba tuache habari ya virukanjia vyenye mkonga, tutumie jina la Kibantu, sengi. Wataalamu wengi wakakubali. Sasa ukisoma makala ya Kimarekani unakuta sengi, sengi, sengi. Walipompata njule mpya kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, alinaswa kwanza na kamera iliyofungwa msituni mwaka 2005, mwenye uso wa kijivu na uzito wa karibu gramu 700, wakamtangaza mwaka 2008 kwa jina Rhynchocyon udzungwensis, jina la milima yenyewe. Na kati ya walioandika makala hiyo yumo Mtanzania. Tangu Peters zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 160.

Sasa lile jibu la pili nililoahidi.

Mimi kazi yangu ni vijana. Nakaa nao Pemba, wengi ni wa Mocímboa, Palma, Macomia, Quissanga. Tunacheza mpira, tunasoma, tunafundishana kushona na kutengeneza simu, na siku nyingine tunakaa tu. Ninyi mnajua neno linalowatesa. Tangu shambulio la kwanza la Mocímboa, tarehe 5 Oktoba 2017, watu waliwaita wale washambuliaji mashababi. Si wale wa Somalia, ni jina tu lililowabandika. Na shababi kwa Kiarabu maana yake ni nini? Vijana. Kwa hiyo mvulana wa miaka 17, Mmwani, mwenye kofia, aliyetoka Mocímboa, akipita kizuizini anaangaliwa pua na miguu, kama tulivyosema. Anaulizwa swali moja mara nne. Wapo walioshikwa wakalala ndani kwa sababu ya lafudhi. Nani atawasomea damu, waonekane ni jamaa ya nani? Damu yao imeshamwagika upande ule ule wa waliochomewa nyumba, lakini hiyo haionekani kwa nje.

Na kwenye kuandikishwa ni hivyo hivyo. Mimi nilipoandikishwa kama deslocado, kwenye ofisi moja nisiyotaka kuitaja, karani aliniuliza lugha. Nikasema Kimwani. Akatafuta kwenye karatasi yake, hakukuta, akaandika Macua. Nikamwambia kaka, mimi si Mmakua, ingawa Wamakua ni jirani zangu na nawaheshimu. Akasema ni sawa tu, mpunga ni ule ule. Kweli mpunga ulikuwa ule ule. Lakini karatasi hiyo ndiyo iliyotumwa mbele, na kwenye hesabu za mwaka ule Mmwani mmoja alipungua.

Kimwani chenyewe kimepangwa na kupanguliwa kama sange. Wako waliosema ni lahaja ya Kiswahili, basi. Wako waliosema hapana, ni lugha yake iliyokaa karibu na Kiswahili na kuishi muda mrefu na Kimakonde. Thilo Schadeberg aliandika mwaka 1994 kwamba Kimwani kiko kwenye ukingo wa kusini wa Kiswahili. Mimi nayaandika haya kwa Kiswahili ili na wenzetu wa Kongo na Tanzania wanaosoma jarida hili waelewe, na nyumbani naongea Kimwani, na sioni ugomvi hapo. Ila karani naye angekuwa na kisanduku cha kutosha.

Ndiyo maana mwaka huu, pale kwenye kikundi, tumeanza daftari. Lina safu nne: Kimwani, Kimakonde, Kimakua, Kiswahili. Ya tano tukaongeza baadaye kwa ajili ya Kilatini, kwa sababu wasichana wawili waliipenda sana ile habari ya mbwa mwenye pua. Tunaandika wanyama kwanza, kwa sababu juu ya wanyama hakuna anayelia. Tulipofika kwa sange kukawa na fujo. Waliotoka umri wa miaka 9 au 10 walimkumbuka, kila mmoja na neno la bibi yake, na maneno hayakulingana hata kati ya kijiji na kijiji. Waliotoka wakiwa na miaka 3 au 4 hawakuwahi kumwona. Mmoja alisema ni panya wa kwenye katuni. Nikachora ubaoni, nikachora vibaya, ikabidi kijana mwingine wa Palma afute na kuchora upya, pamoja na kile kijia kinachofagiliwa. Halafu akawaonyesha kwa vidole viwili juu ya meza jinsi anavyopiga ardhi. Wote wakaanza kupiga meza mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kutugombeza.

Tulikubaliana sheria tatu. Hakuna neno linaloandikwa bila jina la aliyelitoa na kijiji chake, tofauti na ile safu ya mwaka 1856. Maneno yakigongana yanaandikwa yote, hafutwi mtu. Na tusiyempata jina lake tunamwachia nafasi tupu, hatumwiti panya.

Mpaka wiki iliyopita tulikuwa na wanyama 61. Nguva amejaa safu zote isipokuwa moja. Mhanga ana majina mawili ya Kimakonde, na wenye majina hayo bado wanabishana. Njule kwa Kimwani ana nafasi tupu. Kuna mzee wa Ibo, alikuwa akikata miti ya mashua bara, upande wa Quissanga, anasema analijua neno lakini hataki kulitoa kwa simu, anataka aje mwenyewe aone kwanza ile picha. Nauli yake tumeshachanga, imebaki meticais 150.